Pasteraiza Inayolewa: Mwongozo Kamili wa Kuituliza, Kuanzia Birika la Maji Hadi Udhibiti wa Modeli

Arusha maji hayachemki kwenye nyuzi 100. Mji uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na birika linatokota likiwa kwenye nyuzi 95 na ushee. Moshi iko chini zaidi, huko ni karibu 97. Mama lishe anayeivisha maharage anajua yanachelewa, hata kama hajui sababu. Fundi wa ala anatakiwa ajue na sababu.

Kijana mmoja, ajira yake ya kwanza, alitumwa kukagua sensa ya joto ya pasteraiza, mtambo wa kupasha maziwa ili kuua vijidudu, kwenye kiwanda kidogo cha maziwa nje ya Arusha. Akachemsha birika, akachovya sensa, kioo cha paneli kikasoma 95.3. Shuleni alifundishwa 100. Basi akarekebisha transmita (kifaa kinachogeuza kipimo cha sensa kuwa ishara ya umeme) mpaka kioo kikasema 100, akasaini kadi, akaenda kunywa chai. Wiki chache baadaye niliitwa pale kwa jambo jingine kabisa: mwenye kiwanda alitaka anunue "mfumo wa kisasa wa udhibiti" kwa sababu joto lilikuwa likiyumba. Nilipomkuta opareta, mtu mzima, nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii kitu iache mkono. Ukiiweka oto inalewa."

Alikuwa sahihi, ilikuwa inalewa. Ila kulikuwa na baya kuliko ulevi. Kioo kiliposoma 72, maziwa yenyewe yalikuwa na nyuzi 68 na nusu hivi. Hakuna programu duniani ambayo ingeliona kosa hilo. Ingelilinda kwa uaminifu mkubwa.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza chini. Nimetumia pasteraiza kama mfano kwa sababu huku Arusha na Kilimanjaro ni mtambo ambao fundi mdogo anaweza kuufikia, lakini mpangilio ni ule ule kwa boila, kikaushio cha kahawa au jikoni kwa kiwanda cha sukari.

Mtambo wenyewe kwa maneno machache

Maziwa mabichi yanatoka tenki dogo la mwanzo, yanapita kwenye sahani (mabamba membamba ya chuma) za kurejesha joto ambako yanapashwa na maziwa yaliyokwisha kupikwa, halafu yanaingia sehemu ya maji ya moto. Kutoka hapo yanapita bomba la kushikilia, ambako yanatakiwa yakae sekunde 15 yakiwa na nyuzi 72 au zaidi. Mwisho wa bomba kuna vali ya kugeuza njia: joto likishuka chini ya 72, vali inayarudisha maziwa tenki la mwanzo.

Vali hiyo ya kugeuza usiiguse. Iwe na sensa yake, relei yake na waya zake, mbali na kila utakachosoma hapa chini. Udhibiti wa hali ya juu unakaa upande wa vali ya mvuke tu. Mtu akikuambia ataunganisha vyote kwenye kompyuta moja ili "kurahisisha", mshukuru, umpe soda, umsindikize getini.

Hatua ya 1: Hakikisha kipimo kinasema kweli

Sensa nyingi huku ni PT100: kwenye nyuzi 0 ukinzani wake ni omu 100, kwenye 72 ni omu 127.84. Chukua chupa ya chai, jaza barafu iliyopondwa pamoja na maji, koroga, chovya sensa dakika kumi. Hapo 0 ni 0, Arusha au Tanga, mwinuko hauna neno. Kwa juu usitegemee birika. Tumia kipimajoto chenye cheti kilichochovywa pamoja na sensa kwenye maji ya nyuzi 72, kwa sababu hapo ndipo unapofanyia kazi. Ukilazimika kutumia birika, basi tarajia 95 Arusha na 97 Moshi, na ukumbuke hali ya hewa ya siku hiyo nayo inasogeza kidogo.

Kisha fuata ishara hadi kwenye paneli. Transmita ya 0 hadi 100 inatoa miliampea 4 hadi 20, kwa hiyo nyuzi 72 ni miliampea 15.52. Kama transmita inatoa hiyo na kioo kinasoma 70, mtu aliweka upeo tofauti ndani ya PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mtambo. Nimelikuta hilo mara nyingi kuliko sensa mbovu.

Hatua ya 2: Vali

Hapa ndipo pesa nyingi zinapookolewa, na hapa ndipo watu wengi wanaparuka.

Weka kidhibiti (sehemu ya PLC inayoamrisha vali) kwenye mkono, yaani amri uitoe wewe. Mwambie mwenzako asimame kwenye vali ya mvuke, achore mstari mwembamba kwa kalamu kwenye shina lake. Wewe kwenye paneli ongeza amri nusu asilimia kila baada ya sekunde 20: 40, 40.5, 41, 41.5. Mwenzako apige kelele shina likisogea. Vali yenye pozishona nzima (kifaa kinachosukuma shina mpaka lifike palipoamriwa) inasogea kabla hujamaliza asilimia moja. Ile ya kiwanda kile ilikaa kimya mpaka 44, halafu ikaruka.

Vali inayonata hivyo haiwezi kutulizwa na namba yoyote. Kidhibiti kinaona joto liko chini, kinasukuma kidogo kidogo, vali haijibu, kinaendelea kusukuma, vali inaruka, joto linapita lengo, kinaanza kurudi nyuma, mchezo unaanza upya. Kwenye grafu utaona amri ikipanda na kushuka kama meno ya msumeno. Ukiona meno hayo usiguse P wala I, zile namba za kidhibiti: P inaamua kisukume kwa nguvu gani kosa likitokea, I inaamua kiendelee kusukuma kwa kasi gani kosa lisipoisha. Chukua spana.

Sababu tuliyoipata ilikuwa ya kawaida kabisa. Mvuke ulivuja kwenye shina, fundi mitambo akakaza nati ya pakingi. Ukavuja tena, akakaza tena. Mvuke ukakoma, na vali nayo ikakoma. Tulibadilisha pakingi, tukamwaga maji kwenye chujio la hewa ya kompresa (yalijaa nusu glasi), tukarekebisha pozishona. Jaribio la pili, shina lilisogea kwenye 40.5.

Angalia pia vali inafanya kazi wapi. Kama siku nzima inacheza kati ya asilimia 5 na 12, ni kubwa mno. Aliyeinunua aliona afadhali izidi kuliko ipungue. Unaweza kupunguza presha ya mvuke kabla yake, au ubadilishe plagi na kiti (vipande vya ndani vinavyofungua na kuziba njia ya mvuke) kwa saizi ndogo.

Hatua ya 3: Mvuke, na maji yanayotakiwa kutoka

Mvuke ukishatoa joto unageuka maji, na maji hayo yanatoka kupitia stimu trapu. Mzigo ukiwa mdogo vali inajibana, presha ndani ya kipasha joto inashuka, na ikishuka chini ya presha ya bomba la kurudi, maji hayatoki tena. Yanajaa, joto linaanguka, vali inafunguka kwa hasira, maji yanasukumwa nje kwa kishindo, joto linaruka. Ukisikia bomba linagonga kama mtu anabisha hodi kwa nyundo, tatizo liko hapo, halipo kwenye kompyuta. Sogeza trapu iwe chini ya kipasha joto, na usiruhusu bomba la kurudi lipande juu moja kwa moja kutoka kwenye trapu.

Hatua ya 4: Rekodi kila sekunde

Mifumo mingi ya kuhifadhi takwimu imewekwa ihifadhi wastani wa dakika moja ili isijaze diski. Mawimbi ya sekunde 40 yanakaribia kutoweka humo, na ukichukua pointi moja tu kila dakika yanaweza kujitokeza kama wimbi refu la uongo. Kwa siku mbili za kazi hii rekodi kila sekunde: joto, lengo, amri kwa vali, presha ya mvuke. Vinne hivyo vinatosha.

Hatua ya 5: Jaribio

Fanya kwa maji, usifanye kwa maziwa ya mkulima. Weka mkono, subiri joto litulie kabisa, dakika kumi au zaidi. Mwambie opareta asiguse kitu, na mtu wa boila asipulize maji machafu wakati huo. Kisha sogeza amri mara moja, uache.

Namba za siku ile: amri kutoka 40 kwenda 45. Sekunde 10 za kwanza kimya kabisa. Halafu joto likaanza kupanda kutoka 70.0, likatulia karibu na 76.0. (Baadaye liliendelea kujikokota kidogo, kwa kuwa maji ya moto yanayorudi yanapasha yale yanayoingia. Mkia huo niliuacha, I itaumaliza.)

Kutoka kwenye grafu hiyo unachukua vitu vitatu:

Ukimya: sekunde 10.

Nguvu: nyuzi 6 kwa asilimia 5 za amri, yaani 1.2.

Mwendo: tafuta joto lilipofika asilimia 63 ya safari. Asilimia 63 ya 6 ni 3.8, kwa hiyo 73.8. Lilifika hapo sekunde ya 50. Toa ukimya wa 10, mwendo ni sekunde 40.

Rudisha 45 kwenda 40 uone kama kushuka kunafanana na kupanda. Kukitofautiana sana, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 6: Hesabu

Vitabu vingi bado vinaanza na kanuni ya Ziegler na Nichols ya mwaka 1942. Ni kanuni ya heshima, lakini inakubali kitanzi (mzunguko wa sensa, kidhibiti na vali) kitikisike mara kadhaa kabla ya kutulia, na kwenye maziwa kutikisika ndiko kunakoifungua vali ya kugeuza. Mimi natumia kanuni aliyoichapisha Sigurd Skogestad wa Norwe mwaka 2003. Ni fupi, na inakuachia uamuzi mmoja tu: unataka kitanzi kiwe na haraka kiasi gani. Haraka hiyo inaandikwa kwa sekunde, kwa hiyo namba ikiwa kubwa kitanzi kinakwenda polepole.

P ni mwendo, ugawanye kwa nguvu iliyozidishwa na jumla ya haraka na ukimya. I ni mwendo wenyewe, isipokuwa mara nne ya jumla hiyo ikiwa ndogo zaidi. Skogestad anapendekeza haraka ilingane na ukimya. Kwenye mitambo ya huku, ambako vali inazeeka na boila linayumba, mimi naweka mara mbili ya ukimya, yaani 20.

P = 40 ÷ (1.2 × 30) = 1.11. Mara nne ya 30 ni 120, kubwa kuliko 40, kwa hiyo I = sekunde 40. D, namba ya tatu, inayojibu kasi ya joto kubadilika, niliiacha sifuri. Sensa ikiwa na kelele, D inaipigia ngoma vali mchana kutwa.

Sasa mitego mitatu ya kuingiza namba, na kila mmoja umewahi kuninasa.

Kwanza, upeo. Hesabu hii ni ya transmita ya 0 hadi 100. Ikiwa ya 0 hadi 150 na kidhibiti kinafanya kazi kwa asilimia, nyuzi 6 ni asilimia 4 tu, nguvu inakuwa 0.8, na P inakuwa 1.67.

Pili, vidhibiti vingine havitaki P, vinataka upana wa uwiano, ambao ni 100 gawanya kwa P. Hapa ni 90. Ukiingiza 1.11 mahali panapotaka 90, umekipa kidhibiti nguvu mara themanini. Utausikia mshindo kabla hujauona.

Tatu, I inaweza kuwa kwa sekunde (40), kwa dakika (0.67), au kwa marudio kwa dakika (1.5). Fungua kitabu cha kidhibiti usome. Usikisie.

Kile kitufe cha kujipanga chenyewe? Vingi vinatumia wazo la Waswidi Åström na Hägglund la mwaka 1984: kidhibiti kinaiwasha na kuizima vali kwa makusudi, kinasoma wimbi linalotokea. Wazo ni zuri. Ila ukikibonyeza kwenye vali inayonata, kinajipanga kuendana na ugonjwa.

Hatua ya 7: Umeme ukikatika

TANESCO wakikata, jenereta inachukua baada ya sekunde kadhaa. Boila limezimika, presha inashuka, lakini PLC iliyo kwenye betri bado iko macho, inaona joto linaanguka, na I inaendelea kujilimbikiza mpaka amri inafika 100. Mvuke ukirudi, vali iko wazi yote. Joto linapaa hadi 85, maziwa yanaungua kwenye sahani, na kesho yake mnaosha jiwe la maziwa (ukoko mgumu) nusu siku.

Dawa: weka kikomo cha juu cha amri. Kwetu kilikuwa 65, kwa kuwa hakuna mzigo halali uliowahi kuhitaji zaidi ya 55. Kisha iambie programu kwamba presha ya mvuke ikiwa chini ya kiasi fulani, au vali ya kugeuza ikiwa imerudisha njia, I isimame palepale ilipo. Ni mistari michache ya programu, nayo ilipunguza malalamiko ya opareta kuliko kitu kingine chochote tulichofanya.

Inafaa uelewe kwa nini kurudishwa njia kunauma hivyo. Maziwa yakirudi tenki la mwanzo, hayapiti tena kwenye sahani za kurejesha joto. Maziwa mabichi ya nyuzi 4 yanaingia kwenye kipasha joto yakiwa baridi. Kama sahani zilikuwa zinarejesha asilimia 85 ya joto, kipasha kilichozoea kupandisha nyuzi 10 na nusu sasa kinatakiwa kupandisha 70. Hakiwezi. Joto linashuka zaidi, vali inaendelea kurudisha, na mtambo unajichimbia shimo mpaka tenki lenyewe lipate moto. Kosa dogo la sekunde tano linakula dakika kumi na tano.

Hatua ya 8: Kitanzi ndani ya kitanzi, kisha kuwahi

Hadi hapa una kitanzi kimoja kilichotulia. Kama boila lako dogo linawaka na kuzima, presha ya mvuke itakuwa inatembea, tuseme kati ya baa 5 na 7, na vali iliyo wazi kiasi kilekile inatoa mvuke tofauti. Kitanzi cha maziwa kitaligundua hilo kimechelewa.

Weka sensa ya pili kwenye maji ya moto yanayoingia kwenye sahani. Kitanzi cha ndani kinashika joto la maji kwa kuendesha vali. Kitanzi cha nje kinashika joto la maziwa kwa kubadilisha lengo la maji. Panga cha ndani kwanza, cha nje kikiwa mkono, kisha rudia jaribio la hatua ya 5 kwa cha nje. Cha ndani kiwe na haraka angalau mara tatu ya cha nje, la sivyo watagombana kama makonda wawili wa daladala moja.

Kuwahi ni jambo jingine. Ukipima joto la maziwa mabichi yanayoingia, unaweza kuongeza mvuke kabla ubaridi haujafika. Nilikuwa na hamu nalo, nikalipigia hesabu. Maziwa yakipanda kutoka 4 kwenda 15, sahani zinayameza mabadiliko hayo: baada ya kurejesha joto tofauti inabaki nyuzi 1.65 tu. Kitanzi kilichotulia kinaimaliza chenyewe. Nikaacha.

Hatua ya 9: Sasa shusha lengo

Mzee wetu alikuwa akiendesha kwa lengo la 78, kwa sababu joto likiyumba nyuzi nne chini bado linabaki juu ya 72. Kwenye oto iliyotulia likawa linacheza ndani ya nusu nyuzi. Tulishusha nyuzi moja kwa siku hadi 74, tukiangalia kumbukumbu za vali ya kugeuza kila jioni.

Usimdanganye mwenye kiwanda kuhusu kuni au dizeli. Kwa mtambo wa lita 2,000 kwa saa wenye sahani za asilimia 85, kushuka kutoka 78 hadi 74 kunapunguza mzigo wa kipasha joto kwa asilimia 5 hivi, kama kilowati 1.3. Hiyo haimlipi hata fundi. Faida iko kwenye maziwa yasiyonuka kuungua, sahani zinazochelewa kujenga jiwe, na zile dakika kumi na tano ambazo hazipotei tena. Mwonyeshe hizo.

Hatua ya 10: Je, unahitaji udhibiti wa modeli?

Huu ndio ule "mfumo wa kisasa" aliouulizia. Ulizaliwa miaka ya 1970, Richalet na wenzake Ufaransa, Cutler na Ramaker wakiwa Shell. Kompyuta inabeba modeli, yaani picha ya kihesabu, ya mtambo mzima, inatabiri dakika nyingi mbele, inachagua hatua bora bila kuvuka mipaka uliyoiweka, inachukua hatua ya kwanza tu, halafu inatabiri upya. Uzuri wake unaonekana pale vitu vinapovutana: ukigusa kimoja, vitatu vinasogea, na vyote vina ukimya mrefu.

Pasteraiza haiko hivyo. Vivukizio vya sukari viko hivyo. Ukishuka kutoka Moshi kuelekea mashamba ya miwa utakuta kazi ya namna hiyo: juisi inaingia ikiwa nyepesi, inapita vyombo kadhaa mfululizo, mvuke wa chombo kimoja ukichemsha kinachofuata, mwisho inatoka nzito kwenye Briksi (takriban asilimia ya sukari iliyoyeyuka) 60 na kitu. Mvuke huohuo unaibwa njiani kupasha juisi, boila linalochoma makapi yenye unyevu karibu asilimia 50 linaubadilisha kila saa, na mabomba yanajenga magamba kadiri msimu unavyosonga. Opareta mzuri anavibeba vyote kichwani, lakini shifti ya usiku si kila mtu ni opareta mzuri.

Ukifika huko, bado jaribio ni lile la hatua ya 5, ila unalifanya kwa kila vali, moja moja, na unasoma kila kipimo. Tenga siku kadhaa. Andika mipaka kabla ya malengo: Briksi isizidi wapi, usawa wa juisi usishuke wapi. Acha mfumo uendeshe malengo ya vitanzi vya chini, usiguse vali moja kwa moja, ili siku kompyuta ikigoma vitanzi viendelee kufanya kazi. Na modeli uipime tena baada ya kila usafishaji mkubwa, kwa sababu vivukizio safi na vyenye magamba ni mitambo miwili.

Kabla hujafunga paneli

Andika kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani wa mlango: tarehe, P 1.11, I sekunde 40, upeo 0–100, kikomo cha amri 65, lengo 74. Chini yake andika matokeo ya jaribio lenyewe: ukimya 10, nguvu 1.2, mwendo 40. Atakayekuja baadaye akirudia jaribio na kupata nguvu 0.9, ataanza kushuku jiwe kwenye sahani kabla hajabadilisha namba zako.

Sisi tuliongeza mstari mmoja chini kabisa, kwa herufi kubwa: BIRIKA HAPA NI 95.